Mali ya Mtoto Mikononi Mwako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasimamizi wa Mirathi Mwanza

Ukurasa huu ni wa baba wadogo, mashangazi, wajane na kaka wakubwa ambao baada ya matanga wamejikuta wameshika mali isiyo yao: mtumbwi, vyumba vya kupangisha, ng'ombe, pesa za benki, na nyuma ya mali hizo mtoto mmoja au watano ambao bado wako shule ya msingi. Ninafanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Mwanza, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoyasikia kuanzia Igoma mpaka Nansio. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

Nani anahesabika kuwa mtoto?

Yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Ndivyo inavyosema Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kuota ndevu, kuendesha bodaboda au kuvua usiku na wakubwa hakumfanyi awe mtu mzima mbele ya hakimu. Kijana wa miaka 16 akikusainia karatasi kwamba "amepokea sehemu yake na hana madai", karatasi hiyo ni ya kufungia maandazi.

Kikao cha ukoo kimenichagua. Naweza kuanza kazi?

Bado. Kikao kinapendekeza, mahakama inateua. Muhtasari wa kikao una uzito wa kuonyesha kwamba ndugu wamekubaliana, na mahakama nyingi za mwanzo watakuuliza uko wapi, lakini peke yake haukupi mamlaka ya kwenda benki wala ya kukusanya kodi kwa wapangaji. Ukigusa mali kabla ya uteuzi, unawajibika kwa ulichokigusa kama vile ulikuwa msimamizi, bila kuwa na kinga ya msimamizi.

Unachohitaji kwanza ni cheti cha kifo kutoka RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kifo kinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya siku 30, lakini watu wanaokaa visiwani huchelewa sana, halafu wanashangaa kila kitu kimekwama. Pili ni vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama mtoto hana cheti, anza nacho sasa hivi, kwa sababu bila hicho kuna ndugu atasimama siku moja na kusema mtoto huyu hamjui.

Mirathi ya mtu aliyeishi kwa mila au kwa Uislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi. Nyingine huenda Mahakama ya Wilaya, kama ni ndogo, au Mahakama Kuu. Usichague mahakama kwa sababu ni karibu na kituo cha daladala. Nimeona mirathi ya miaka mingi ikifutwa na kuanza upya kwa sababu ilifunguliwa pasipo pake.

Mimi nalea watoto, shemeji yangu ndiye msimamizi wa mirathi. Mali iko chini ya nani?

Mali ni ya watoto na warithi wengine. Wewe unamshika mtoto: anakula, analala, anaenda shule, anapelekwa hospitali. Shemeji yako anashika mali mpaka itakapogawanywa. Kuna kazi ya tatu ambayo wengi hawaijui, nayo ni ya kushika fungu la mtoto baada ya mgawanyo, kabla hajafika miaka 18.

Hapo ndipo mambo mengi huharibikia, kwa sababu watu hudhani kazi hiyo inamwangukia yeyote aliye karibu. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linaipa Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kuamuru fungu la mtoto lilipwe kwa ndugu au mtu mwingine anayefaa, kwa ajili ya matunzo na manufaa ya mtoto huyo, au likabidhiwe kwa Mdhamini wa Umma aliye chini ya RITA, akikubali. Kwa hiyo mgawanyo ukifika, omba amri hiyo kwa jina: fungu la mtoto fulani litashikwa na nani, na kwa masharti gani. Msimamizi anayesema mdomoni "la kwake ninalo mimi" amejiongezea kazi ambayo hakuna aliyempa.

Sheria inanidai nini hasa?

Mambo manne: kukusanya mali ya marehemu na madeni anayodai, kulipa madeni anayodaiwa na gharama halali, kugawa kinachobaki kwa wanaostahili, na kutoa hesabu. La nne ndilo linalotushinda.

Kwa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, Kanuni za mwaka 1971 zinakutaka ndani ya miezi minne tangu uteuzi uwasilishe Fomu Namba 5, yaani taarifa ya kweli na kamili ya mali na madeni yote. Baada ya hapo unawasilisha Fomu Namba 6, hesabu za mirathi, kila muda mahakama itakaopanga. Kwa mirathi ya mahakama za juu, Sheria ya Mirathi, Sura ya 352, inatoa miezi sita kwa orodha ya mali na mwaka mmoja kwa hesabu. Muda ukikubana unaomba nyongeza, na mahakama huwa inatoa ukieleza sababu. Kinachoudhi ni ukimya. Msimamizi anachukua barua yake ya usimamizi, anaiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na picha za msiba, na hakanyagi tena mahakamani mpaka aitwe.

Kwenye Fomu Namba 5 niandike nini?

Kila kitu, pamoja na vile unavyoona havina maana. Usiandike "mtumbwi mmoja". Andika urefu wake, namba yake ya usajili, injini ya aina gani na ya nguvu ngapi, nyavu ngapi na zina hali gani, taa ngapi za sola, betri ngapi, na vyote viko mwalo gani (ufukwe gani wa kutia mitumbwi) na kwa nani. Usiandike "nyumba Mabatini". Andika vyumba vingapi, wapangaji wangapi, kila mmoja analipa shilingi ngapi na amelipa mpaka mwezi gani. Ng'ombe andika majike, madume na ndama, na rangi zao kama hawana hereni za utambuzi.

Andika pia madeni ya pande zote mbili. Mwaloni watu hukopeshana kwa maneno: tajiri wa mtumbwi amewapa mabaria fedha ya kutanguliza, mchuuzi wa dagaa amechukua gunia kumi atalipa akirudi. Mtu akifa, wanaomdai hufika siku ya tatu ya msiba na daftari. Wanaodaiwa naye hupotea. Waulize mabaria mapema, kabla hawajahamia kambi nyingine.

Marehemu aliacha mtumbwi unaofanya kazi. Niusimamishe mpaka watoto wakue?

Hapana, na hili ni mojawapo ya maswali magumu ya huku kwetu, maana sheria nyingi za mirathi zimeandikwa kana kwamba mali yote ni shamba au nyumba, vitu vinavyokungoja. Mtumbwi haungoji. Ukiuvuta ufukweni ukauacha juani, mbao zinapasuka, kalafati inatoka, na mwaka ukiisha una kuni. Injini isiyowashwa inakufa. Nyavu zinaliwa na panya. Wajibu wako ni kutunza thamani, na kwa mtumbwi kutunza thamani ni kuutumikisha au kuuza mapema ukiwa bado una bei.

Ukiamua kuutumikisha wakati mirathi inaendelea, iambie mahakama na uipate ruhusa yake kwa maandishi, kwa sababu biashara inaweza kula hasara na hasara hiyo utaulizwa wewe. Leseni na usajili visiishe muda. Ukikamatwa na nyavu haramu, faini inatoka mfukoni mwako, si kwenye fungu la yatima, maana uzembe ni wako.

Kisha daftari. Wavuvi wa dagaa wanajua kazi yao inakwenda kwa giza: mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, giza likirudi wanaingia ziwani. Tumia mzunguko huohuo kwa hesabu. Giza likiisha, kaa na nahodha, andika mauzo ya kila siku, toa mafuta, chakula, barafu kama ni sangara, matengenezo, toa mgao wa mabaria kama mlivyokubaliana, na kinachobaki ni cha mirathi. Nahodha asaini. Pesa iingie benki au kwenye simu yenye laini ya kazi hiyo tu, siku hiyohiyo. Daftari moja ambalo msimamizi wake wa Kayenze alinionyesha lilikuwa limelowa maji na linanuka dagaa, tarehe zimeandikwa kwa kalamu ya rangi tatu, na lilikuwa na nguvu mahakamani kuliko hesabu ya kompyuta iliyochapwa usiku wa kuamkia kesi.

Kama wewe mwenyewe ni mvuvi na una mtumbwi wako, jihadhari zaidi. Injini ya watoto ikihamia kwenye mtumbwi wako "kwa wiki mbili tu wakati yangu iko kwa fundi", tayari umetumia mali ya mtoto kwa faida yako.

Nyumba ya vyumba vya kupangisha je?

Ni rahisi zaidi. Waandikie wapangaji wote barua kuwajulisha wewe ni msimamizi kwa amri ya mahakama, na uwape namba au akaunti ya kulipia. Mikataba iwe ya maandishi na iseme unapangisha kwa niaba ya mirathi ya marehemu fulani. Kodi ya pango la ardhi ilipwe kila mwaka, kwa sababu riba yake inapanda kimyakimya. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeilipa kwanza. Deni hilo ni la mwenye nyumba, mrudishie mpangaji au umpunguzie kwenye pango.

Chumba ambacho mwanao mkubwa anakaa bure ndani ya nyumba hiyo nacho kina kodi. Kiandike.

Naweza kuuza kiwanja au nyumba ya watoto?

Swali hili lina jibu linalowashangaza ndugu. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ana mamlaka ya kuuza mali ya mirathi, na Mahakama ya Rufani imewahi kusema halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza. Wengi wakisikia hivyo, wanasimama hapo na kutafuta dalali.

Lakini mamlaka hayo umepewa kwa kazi ya mirathi: kulipa deni la kweli, kugawa mali isiyogawanyika, kuokoa kinachoharibika. Mwenye mamlaka ya kuuza bila kuomba ruhusa ndiye pia mwenye mzigo wa kueleza kwa nini aliuza, kwa bei gani, kwa nani, na pesa iko wapi. Mtoto hawezi kukupinga leo, kwa hiyo sheria inakungoja kesho. Ushauri wangu, ambao hauko kwenye kifungu chochote, ni huu: pale palipo na mrithi aliye chini ya miaka 18, usiuze ardhi bila kwanza kurudi kwa hakimu, ukiwa na tathmini ya mthamini, sababu iliyoandikwa, na maoni ya mzazi aliye hai. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe. Sheria ya Mtoto inampa haki ya kutoa maoni katika mambo yanayogusa maisha yake, na mtoto wa darasa la saba wa Buswelu anajua vizuri nyumba yao ina maana gani.

Kama ardhi ina hati, mnunuzi makini atataka kwanza jina la msimamizi liandikishwe kwa Msajili wa Hati mahali pa jina la marehemu, kwa cheo chake cha usimamizi. Mnunuzi anayekuambia "hayo ya nini, tuandikishane tu kwa mwenyekiti wa mtaa" anakutafutia kesi.

Basi nikinunua mimi mwenyewe kwa bei nzuri?

Usinunue. Msimamizi akinunua mali ya mirathi, yeye mwenyewe au kwa kujificha nyuma ya mkewe au rafiki, mauzo hayo yanaweza kubatilishwa kwa ombi la yeyote mwenye maslahi. Hata kama ulilipa zaidi ya bei ya soko.

Nina shida ya haraka. Naweza kukopa kwenye pesa za mtoto, nitarudisha mwezi ujao?

Hapana. Kwa shida ya kweli, kwa nia njema, kwa maandishi, kwa riba, bado hapana. Na usiweke hati ya nyumba ya watoto dhamana kwa wakopeshaji wa mtaani, wala kuchangia pesa zao kwenye kikoba chako.

Ada na matunzo ya mtoto yatoke kwenye fungu lake?

Yanaweza, na mara nyingi ndiyo sababu mahakama inaruhusu ndugu kushika fungu hilo. Lakini tazama mambo mawili.

Kwanza, mzazi aliye hai bado ana wajibu wake wa kumtunza mtoto. Kifo cha baba hakimwondolei mama mwenye kipato jukumu lake, wala cha mama hakimwondolei baba. Fungu la mtoto linajazia pale penye upungufu, halichukui nafasi ya mzazi.

Pili, matumizi yafanane na ukweli. Shule za serikali hazitozi ada tangu 2016 kwa msingi na sekondari mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita. Nikiona hesabu za mtoto anayesoma shule ya kata zimeandikwa "ada" mamilioni kila mwaka, najua nitakachokikuta chini yake. Sare, madaftari, chakula cha mchana, nauli, bweni, vipindi vya ziada, matibabu: hivyo vipo, viandike kwa majina yake na uweke risiti. Kama ni shule binafsi, barua ya shule iwepo, na uamuzi wa kumpeleka huko uwe umezungumzwa, kwa sababu ada ya miaka minne inaweza kumaliza nyumba nzima.

Watoto wanne wa marehemu mmoja wana mafungu manne. Mkubwa asisomeshwe kwa fungu la kitinda mimba kwa kuwa "ataajiriwa na kuwasaidia wadogo zake". Huenda ataajiriwa. Huenda akaoa.

Je, nina haki ya kulipwa kwa kazi hii?

Gharama halisi zinarudishwa: nauli ya kivuko kwenda Ukerewe kufuatilia shamba, ada za mahakama, fundi. Ujira ni jambo jingine. Usijikatie mwenyewe asilimia kwa kuwa wakili fulani hukata. Kama kazi ni kubwa, iombe mahakama, na kiasi kiwe kwenye amri.

Kwa familia za Kiislamu, Sura An-Nisaa aya ya 6 imeshalizungumza: mlezi mwenye uwezo ajizuie, na aliye maskini ale kwa kiasi kinachokubalika, na siku ya kukabidhi waitwe mashahidi. Masheikh wa hapa hulirejea mara kwa mara, na sijaona hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyelikataa kama kipimo cha busara.

Pesa taslimu za watoto niziweke wapi?

Mahali pasipo pako. Benki nyingi zina akaunti za watoto ambazo mzazi au mlezi huzifungua na kuzisimamia; kila mtoto awe na yake. Kwa pesa zitakazokaa miaka mingi, UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ina Mfuko wa Watoto, na Benki Kuu, yenye tawi hapa mjini, inauza hatifungani za serikali. Biashara ya mahindi ya msimu, kuku wa nyama na fedha za mtandaoni si pa kuweka pesa za yatima, hata kama kwako zimelipa.

Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, yana utaratibu wake wa wategemezi. Peleka vyeti vya watoto huko wewe mwenyewe, usingoje mirathi iishe.

Ukoo unasema mabinti hawarithi ardhi. Nifanyeje?

Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, ziliwaweka mabinti daraja la tatu, na wazee wengi wanazikumbuka kwa moyo. Lakini ni hapahapa Mwanza, Mahakama Kuu, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alipoamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake alidai mwanamke hana uwezo huo. Jaji alisema kanuni inayomzuia mwanamke kufanya kile ambacho mwanamume anaruhusiwa inapingana na Katiba. Mwaka 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake nayo iliiambia Tanzania izirekebishe kanuni hizo, katika malalamiko yaliyoletwa na wajane wawili wa Kisukuma.

Kwa msimamizi, lililo karibu zaidi ni Sheria ya Mtoto yenyewe. Inakataza kumbagua mtoto kwa jinsi yake, na inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto kufaidi kwa kadiri inayostahili mali ya mzazi wake. Haikusema mtoto wa kiume. Katika mirathi ya Kiislamu mafungu yamepangwa, binti anapata nusu ya fungu la kaka yake. Basi apate hiyo nusu nzima, siyo shukrani na kanga.

Mtaani kwetu urasimishaji wa makazi, yaani kupima viwanja na kutoa hati, umefika. Kiwanja cha marehemu kiandikwe jina la nani?

Hili limewaponza wengi kwenye vilima vya Igogo, Mabatini na Isamilo. Wapimaji wanapita, wanauliza mwenye kiwanja ni nani, baba mdogo anajitokeza kwa nia njema kabisa kwa kuwa mwenye nyumba amefariki, na jina lake linaingia kwenye ramani na kwenye fomu. Miaka mitano baadaye hati inatoka kwa jina lake, na watoto wake wanaanza kuamini ni ya kwao.

Waambie maofisa kiwanja ni cha mirathi, onyesha barua ya usimamizi, na jina liandikwe pamoja na cheo: msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Kama hujateuliwa bado, omba kiandikwe kina mirathi na ukimbilie mahakamani. Mwenyekiti wa mtaa na jirani wa mipaka wasaini hivyo hivyo.

Na ng'ombe?

Wanazaa, na ndama ni wa mtoto. Ng'ombe waliotawanywa kwa jamaa Kwimba na Magu wahesabiwe kila mwaka mbele ya shahidi, na anayekufa aandikwe na ngozi ionekane.

Mama wa watoto anataka kuona hesabu kila mara. Lazima nimwonyeshe?

Ndiyo. Kama umeandika, inakuchukua dakika kumi. Akikataliwa, ana haki ya kwenda kwenye mahakama ileile iliyokuteua na kuomba uitwe. Anaweza pia kumwona ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kutafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017, ambao hawatozi, au kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Nikikosea au nikila mali ya mtoto, nini kitanipata?

Mahakama inaweza kufuta uteuzi wako, hata kwa sababu ya kutowasilisha orodha na hesabu peke yake. Inaweza kukuamuru urudishe ulichopoteza kwa uzembe au kwa makusudi, kutoka kwenye mali yako binafsi. Kama uliweka saini kwenye dhamana wakati wa uteuzi, wadhamini wako nao wanaguswa. Kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ukichukua kilicho chake ukakifanya chako, polisi wanalo jina lao kwa hilo.

Mtu aliyeuza vibaya kwa kutojua lakini ana daftari, risiti na alirudi mahakamani mapema, hutazamwa tofauti na aliyenyamaza.

Nimechoka. Naweza kuacha?

Unaweza kuomba kujiondoa kwa mahakama iliyokuteua, ukiwa na hesabu mpaka siku hiyo. Huwezi kumpa ndugu yako makaratasi sebuleni na kusema sasa ni zamu yake. Ukoo ukikosa mtu wa kuaminika, mahakama inaweza kumteua ofisa wake au mtu mwadilifu asiye na upande, na Kabidhi Wasii Mkuu wa RITA naye husimamia mirathi.

Mtoto ametimiza miaka 18 ila bado yuko kidato cha sita. Nimpe mali yake?

Ndiyo. Unaweza kumshauri aache pesa kwenye mfuko, aendelee kupangisha vyumba, asinunue pikipiki. Huwezi kumnyima. Andaa hesabu ya miaka yote, mkae mbele ya mashahidi, mmoja wao asiwe wa upande wako, aisome, aulize, asaini kila alichopokea kwa jina lake, pamoja na funguo, hati, namba ya siri ya benki aibadilishe mwenyewe palepale. Nakala moja ipelekwe mahakamani ili jalada lifungwe.

Asiporidhika anaweza kukushtaki, na usijifariji kwamba miaka imepita: muda wa ukomo wa madai hauhesabiwi dhidi yake kwa kipindi alichokuwa mtoto. Kwa ardhi ukomo ni miaka 12, na kwake unaanza kuhesabiwa siku anapotimiza 18. Kwa hiyo daftari la mwaloni, hata likiwa limelowa, litunze mpaka yeye awe na miaka 30.